Sahani ya nani ipunguzwe nyama? Historia ya chungu cha Masisi na Walikale

Katika vituo vya afya vya Goma, mtu mzima mwenye presha ya damu, au mwenye jongo, ule ugonjwa wa kuvimba vidole na magoti, huambiwa neno moja: punguza nyama. Neno hilo likifika kwenye vilima vya Masisi au kwenye misitu ya Walikale, watu wengi hucheka. Mama aliyekimbia mapigano na watoto wanne, anayepika bugali na lengalenga bila mafuta, atapunguza nyama gani?

Kicheko hicho kina haki yake. Lakini historia ya mlo wa wilaya hizi mbili za Kivu Kaskazini inaonyesha kwamba swali lenyewe ni la zamani, na kwamba wazee walikuwa na majibu yao. Waliishi na nyama kidogo kwa vizazi vingi. Majibu mengine yalikuwa mazuri, mengine yaliwaumiza wanawake na watoto. Leo familia nyingi zimelazimika kuanza upya chungu chao, hivyo ni vizuri kujua kilichokuwamo zamani, kilichoingia, na kilichotoka.

Milima na msitu

Masisi ina ukubwa wa kilomita za mraba 4 734. Walikale, jirani yake upande wa magharibi, ina 23 475, karibu mara tano zaidi. Masisi ni nchi ya milima, baridi na udongo mwekundu wenye rutuba. Walikale ni nchi ya msitu mkubwa na mito kama Lowa na Oso. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani atakula nini.

Huko Masisi, Wahunde walilima ndizi, mtama, ulezi, viazi vikuu na maharagi. Walifuga mbuzi, kondoo na kuku. Lakini mbuzi hakuchinjwa kwa sababu watu wana njaa ya jioni. Mbuzi alikuwa mahari, alikuwa faini mbele ya chifu, alikuwa njia ya kupatanisha familia mbili zilizogombana. Aliyechinja bila sababu alionekana mtu asiyejua kesho. Nyama ilikuja siku ya arusi, ya matanga, ya mgeni mkubwa.

Huko Walikale, Wanyanga, Wakano, Wakumu, Warega na Watwa walipata nyama msituni. Waliwinda kwa nyavu, mikuki, mitego na mbwa wenye njuga shingoni. Ng'ombe hawakuzoea huko: joto, mbung'o na kukosa malisho viliwashinda. Mtu wa mbali anaweza kufikiri kwamba watu wa msituni walikula nyama kila siku. Sivyo. Kuna siku wavu ulirudi mtupu, na siku uliporudi na mnyama, mnyama huyo alikuwa na wenyewe wengi. Mwenye wavu alikuwa na fungu lake, mwenye mbwa lake, mzee lake, wakwe lao. Mnyama kama chui alikuwa wa chifu. Kilichojaza tumbo siku hadi siku kilikuwa ndizi, uyoga, viwavi, samaki wa mtoni, majani ya msituni na mafuta ya mawese.

Hadithi kubwa ya Wanyanga inagusa jambo hili. Mwaka 1956, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alisikiliza kwa siku 12 simulizi la shujaa Mwindo kutoka kwa msimulizi Candi Rureke. Mwaka 1969 lilichapishwa kama kitabu, pamoja na kazi ya Kahombo Mateene. Ndani yake Mwindo anaua dude la msituni ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Kwa kosa hilo anachukuliwa juu, anateswa kwa baridi, mvua na jua, kisha anarudishwa nyumbani na mwiko mzito: asiue tena mnyama wa msituni wala wa kijijini. Anaporudi anawapa watu wake sheria za kuishi, na mojawapo ni kulima mazao ya aina nyingi. Taifa la wawindaji lilimpa shujaa wake adhabu ya kuacha kuua, likaweka jembe kati ya mambo ya kwanza ya utawala mwema.

Maharagi, mgeni aliyekuwa mwenyeji

Chakula kinachoonekana kuwa cha Masisi kuliko vyote, maharagi, hakikuzaliwa Afrika. Asili yake ni Amerika, kama mahindi, muhogo na karanga. Wareno walileta mazao hayo pwani za Afrika baada ya miaka ya 1500, yakasafiri mkono kwa mkono hadi Maziwa Makuu. Udongo na mvua za milimani viliyapokea vizuri, hata leo watu wa Kivu, Rwanda na Burundi wako miongoni mwa walaji wakubwa wa maharagi duniani.

Kwa nini yalipendwa hivyo? Maharagi hukomaa kwa miezi 3 hivi, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na yakikauka hukaa ghalani bila kuoza. Majani yake huliwa mboga kabla mbegu haijakomaa. Na yana nguvu. Gramu 100 za maharagi makavu zina protini gramu 20 na zaidi kidogo, sawasawa na gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta. Yakichemshwa yanavuta maji na kuongezeka uzito, kwa hiyo mtu anahitaji sahani iliyojaa ili apate kile ambacho kipande cha nyama kinampa. Lakini sahani hiyo pia ina vitu ambavyo nyama haina, kama nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo na kushusha mafuta mabaya ya damu.

Protini ya maharagi peke yake ina pengo, ya mahindi au ya mtama nayo ina pengo lingine. Zikikutana katika mlo, moja inaziba pengo la nyingine. Bibi waliopika maharagi na mahindi katika chungu kimoja hawakusoma kemia, lakini chungu chao kilikuwa sahihi. Bugali ya muhogo mtupu haina msaada huo: inashibisha, lakini protini yake ni kidogo sana. Ndiyo maana Walikale, ambako muhogo ulienea sana, sombe ikawa nguzo ya nyumba. Jani la muhogo lina protini ambayo mzizi wake hauna. Likitwangwa vizuri, likachemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke, kisha likatiwa mawese na karanga, linakuwa mlo kamili zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Ng'ombe wanapanda mlima

Nyama ya ng'ombe ilikuja kuwa alama ya Masisi kupitia utawala wa kikoloni. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka juu ya ardhi kubwa. Walowezi walifungua mashamba ya chai, kahawa, pareto na kwinini. Walihitaji mikono ya kazi. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955, mpango wa serikali ya kikoloni ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda uliwahamisha watu kutoka Rwanda hadi Masisi na sehemu za jirani. Wanahistoria wengi wanataja hesabu ya watu karibu 85 000. Wengine walikuja na mazoea ya ng'ombe na maziwa, na misitu ya milimani ikaanza kugeuka malisho.

Kwenye mashamba hayo na kwenye migodi ya bati ya Walikale na Maniema, mfanyakazi alipewa posho: unga, maharagi, chumvi, mawese, samaki mkavu, mara nyingine nyama. Hapo nyama ilipata maana mpya. Zamani ilikuwa ya sherehe na ya ukoo. Sasa ilianza kuwa ya mtu mwenye kazi na mshahara.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwezi Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza zaïrianisation, na mashamba ya wageni yakapewa raia wa Zaire, hasa wenye uhusiano na wakubwa. Sheria ya ardhi ya mwaka huo huo ilifanya ardhi yote kuwa ya serikali, na wenye uwezo wa kupata karatasi walipata eneo kubwa. Masisi ikajaa mashamba ya ng'ombe yenye uzio. Jibini ya Masisi ikajulikana Goma hadi Kinshasa, nayo maziwa ya kuganda, mashanza, yakawa chakula cha kawaida sokoni.

Lakini mkulima mdogo aliyeona ng'ombe mia wakila majani upande wa pili wa uzio mara nyingi hakula nyama yao. Alichopoteza kilikuwa shamba la maharagi. Ng'ombe mmoja anahitaji eneo ambalo lingelisha familia kwa mazao. Ugomvi huo kati ya malisho na mashamba ni mmoja wa mizizi ya vita vilivyofuata, pamoja na ule wa uraia na wa madaraka ya kienyeji.

Miaka iliyomwaga chungu

Tarehe 20 Machi 1993, watu walishambuliwa kwenye soko la Ntoto, wilayani Walikale. Mauaji yakaenea hadi Masisi, yakagusa jamii zote. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Kivu Kaskazini, kati yao watu wenye silaha. Katika miaka hiyo hadi vita vya 1996, ng'ombe wa Masisi waliibiwa, wakachinjwa, wakauzwa. Mashamba yaliyokuwa na makundi makubwa yakabaki majani matupu. Mbuzi na kuku wa wakulima wadogo walikwenda njia hiyo hiyo.

Pigo lingine halikutoka kwa bunduki. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi kwa mara ya kwanza nchini Kongo. Mgomba ukishikwa, majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Ndizi ilikuwa chakula, ilikuwa kasiksi ya sherehe, ilikuwa pesa ya karo ya shule. Familia zikahamia zaidi kwenye muhogo.

Mwaka 2002 kasiterite iligunduliwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Maelfu ya watu walikwenda kuchimba. Chakula kilifika kwa ndege ndogo zilizotua juu ya lami ya barabara huko Kilambo, kisha kikabebwa kichwani na mgongoni siku nzima na zaidi kwa miguu. Mahali ambapo kila kitu kinabebwa, kila kitu ni ghali. Mchimbaji aliyepata pesa alijionyesha kwa nyama na bia. Msitu wa jirani ukawindwa kwa bunduki za vita, sio kwa wavu wa ukoo tena. Hakukuwa na fungu la mzee wala la wakwe: kulikuwa na bei. Sokwe wakubwa wa nyanda za chini, ambao sehemu ya makazi yao iko katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega ndani ya Walikale, walipungua sana katika miaka hiyo.

Kwa hiyo katika muda wa kizazi kimoja, wilaya hizi ziliona nyama ikitoweka kwa wengi na kuzidi kwa wachache.

Bwaki: pale ambapo kidogo kinakuwa hatari

Watu wa Kivu wana neno lao kwa mtoto anayevimba miguu na uso, nywele zikawa nyekundu na nyepesi, ngozi ikachubuka, na yeye mwenyewe hataki kucheza wala kula: bwaki. Madaktari wanauita kwashiorkor, jina ambalo daktari Cicely Williams alilichukua kutoka lugha ya Kiga ya Ghana ya leo, alipoandika juu ya ugonjwa huo katika miaka ya 1930. Huko Kivu Kusini, hospitali na watafiti wa Lwiro waliufuatilia kwa miaka mingi, na Bukavu kulianzishwa shirika ambalo jina lake lenyewe linasema kazi yake, Comité Anti-Bwaki.

Bwaki mara nyingi huanza mtoto anapoachishwa ziwa kwa sababu mama ana mimba nyingine. Anatoka kwenye maziwa ya mama na kuingia kwenye bugali ya muhogo. Wataalamu wa leo wanasema upungufu wa protini peke yake hauelezi kila kitu. Kuhara, surua, malaria, maji machafu na kukosa vitamini na madini vina sehemu yao. Lakini mlo wa aina moja, siku baada ya siku, uko karibu kila mahali bwaki inapoonekana.

Hapa ndipo ile desturi ya zamani inapaswa kuangaliwa bila kuipamba. Katika nyumba nyingi za Kivu, wanawake walikatazwa kuku, mayai au nyama ya mbuzi. Watoto waliambiwa kwamba yai litawafanya wezi. Kipande kikubwa kilikwenda kwa baba, firigisi ilikuwa yake, na mtoto mdogo alipewa mchuzi. Wazee waligawa nyama kwa heshima, na heshima ilifuata umri na jinsia. Mwili unahitaji mpango tofauti. Mtoto wa mwaka mmoja anakua kwa kasi ambayo mtu mzima hana. Mama mwenye mimba anatengeneza damu ya watu wawili.

Mapendekezo ya sasa ya Shirika la Afya Duniani yanafuata mpango huo wa mwili. Mwaka 2015, wakala wake wa utafiti wa saratani uliweka nyama iliyosindikwa, kama soseji na nyama za kopo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha. Wataalamu wengi wa saratani wanashauri mtu mzima asipite gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Lakini mwaka 2023 shirika hilo hilo lilishauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kinachotoka kwa mnyama: nyama, samaki au yai.

Mashauri hayo mawili hayapingani. Yanazungumzia sahani mbili tofauti. Mwanaume wa Goma au wa Bisie anayekula brosheti na bia kila jioni ana sababu ya kupunguza: nyama nyingi na pombe huamsha jongo, na chumvi nyingi hupandisha presha. Katika nyumba hiyo hiyo, mtoto wake anaweza kuwa hajaonja nyama wiki nzima. Nyama inayopungua kwenye sahani ya kwanza ina mahali pa kwenda.

Na mtoto hahitaji nyingi. Sambaza za ziwa Kivu zinatosha kuonyesha hilo. Samaki hao wadogo hawakuwa wa ziwa hilo: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, wakawa kitoweo cha watu wa kipato kidogo. Zikikaushwa, zikasagwa kuwa unga, kijiko kimoja ndani ya uji au ndani ya maharagi yaliyopondwa humpa mtoto madini ya chuma, kalisi, na vitamini B12 ambayo mboga na maharagi hayana. Yai moja hufanya kazi ya karibu namna hiyo. Ndagala za Tanganyika zinazouzwa sokoni pia zinafaa.

Nyama ya pori na magonjwa

Kuna nyama moja ambayo kupunguzwa kwake kuna sababu kwa wote, wakubwa na wadogo. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Kivu Kaskazini na Ituri ziliteswa na Ebola. Watu 3 470 waliugua, zaidi ya 2 280 walifariki. Mwezi Agosti 2019 ugonjwa ulifika hadi Pinga, wilayani Walikale. Mlipuko huo ulienezwa na watu kuambukizana wao kwa wao, kwenye nyumba, vituo vya afya na mazishi. Lakini Ebola huingia kwanza kwa binadamu kutoka wanyama wa msituni, na popo, nyani na sokwe wanatajwa mara nyingi. Mpox pia, ambayo iliingia kwenye kambi za Goma mwaka 2024, ina asili yake kwa wanyama wa porini.

Hatari kubwa iko mikononi mwa anayechuna na kukatakata mnyama mbichi, mara nyingi mama wa nyumba. Mnyama aliyeokotwa amekufa msituni haguswi wala haliwi, hata njaa ikizidi. Nyama yoyote ipikwe hadi iive kabisa.

Makala, mbegu na barabara

Tangu mwisho wa mwaka 2021, vita vipya vimesukuma watu wa Masisi mara nyingi: kuelekea Sake, Goma, Minova, au ndani ya Walikale. Januari 2025 mapigano yalifika Goma yenyewe, na mwezi Februari kambi kubwa kama zile za Bulengo na Lushagala zilibaki tupu. Mwezi Machi vita viliingia Walikale-centre. Wengi wamerudi vijijini, wengine wako kwa familia zilizowapokea, wengine bado wanatafuta pa kutua.

Katika safari hizo, kilichokosekana kwanza chunguni kilikuwa maharagi, na sababu mara nyingi ilikuwa moto. Maharagi makavu hudai saa 2 au 3 za kuchemka. Kambini, makala ilinunuliwa kwa kikombe na kuni zilitafutwa mahali pa hatari, ambako wanawake wengi walishambuliwa. Familia ikahesabu: bugali inaiva kwa dakika chache, lengalenga pia. Maharagi yakaachwa, hata pale yalipokuwepo. Mtu akitazama sahani hiyo ataona kwamba nyama imepungua, lakini hakuna afya iliyoongezeka, maana kilichopaswa kushika nafasi yake hakipo.

Kuna njia za kupunguza moto. Maharagi yakilowekwa usiku mzima, na maji hayo yakamwagwa, huiva haraka na hujaza gesi kidogo tumboni. Yachemshwe kwanza kwa nguvu, angalau dakika 10 za kutokota kabisa, maana mbegu mbichi zina sumu inayotapisha. Baada ya nusu saa, chungu kilichofunikwa vizuri kinaweza kutolewa motoni na kufungwa ndani ya blanketi au kapu lenye majani makavu, kiendelee kuiva kwa joto lake. Baadaye kirudishwe motoni kimalizie. Nyanya au limau kwenye mlo husaidia mwili kuchukua chuma cha maharagi, wakati chai na kahawa huzuia, kwa hiyo vinywewe baadaye. Watafiti wa kilimo, wakiwemo wa kituo cha INERA cha Mulungu huko Kivu Kusini, wamefanya kazi pia juu ya mbegu za maharagi yenye chuma nyingi zaidi.

Kwa familia inayorudi shambani, kalenda ya Kivu inatoa nafasi mbili: kupanda Septemba, na kupanda tena Februari au Machi. Lengalenga huchumwa baada ya wiki 3 au 4, majani ya maharagi yanafuata, na mavuno ya maharagi yenyewe baada ya miezi 3. Wafugaji wengi wadogo wa Kivu wamejifunza kuanza na kuku wachache, sungura au kobayi, wale wanyama wadogo wanaolala chini ya meko. Kobayi huzaa mara nyingi, hula majani na maganda, na siku ya kukimbia anaingia kwenye kapu. Ng'ombe hawezi.

Yote haya yanategemea mtu kufika shambani na kurudi salama. Mashamba mengi ya Masisi yako karibu na vituo vya wenye silaha, na wengine hutoza kodi barabarani kwa kila gunia linalopita. Mkulima anayelazimishwa kuacha sehemu ya maharagi yake kwenye kizuizi anapunguziwa chakula cha watoto wake, na hakuna ushauri wa lishe unaoweza kulipa pengo hilo.

Wakati huo, ndani ya nyumba, jambo moja halihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Siku ambayo kipande cha nyama, yai au kiganja cha sambaza kimepatikana, kigawanywe kuanzia kwa mtoto mdogo na mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Baba na wakubwa wengine washibe kwa maharagi, sombe na bugali, kama babu zao walivyoshiba. Na mtoto akianza kuvimba miguu, au utepe wa kupimia mkono ukionyesha rangi nyekundu, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Bwaki iliyofika hapo inahitaji matibabu, na chakula cha nyumbani hakitoshi tena.